NDOANA YA PETRO

Somo: Mathayo 17:24-27

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome somo hilo lote. Ni mistari minne tu. Kama nyumbani kuna mtoto anayejua kusoma, mpe yeye asome kwa sauti, wengine msikilize.

Sisi wahubiri tumezoea kuhubiri nyavu. Tunahubiri Luka 5, nyavu zinataka kukatika na mashua mbili zinajaa hadi kutaka kuzama. Tunahubiri Yohana 21, samaki wakubwa 153 na wavu haukupasuka. Kwaya zetu nazo zinaimba nyavu. Lakini katika Agano Jipya lote kuna mahali pamoja tu ambapo Bwana anamtuma mtu kuvua kwa ndoana, na mahali penyewe ni hapa. Anayetumwa ni Petro.

Mtazameni Petro ni mtu wa namna gani. Si mtu wa kukaa ufukweni na kijiti. Luka anatuambia alikuwa na mashua, alikuwa na washirika, Yakobo na Yohana wana wa Zebedayo. Walivua kwa jarife na kwa juya, kazi ya watu wengi, ya usiku kucha. Mwaka 1986, maji ya ziwa la Galilaya yalipopungua kwa ukame, ndugu wawili wa kule waliona mbao za mashua ya kale zimechomoza kwenye matope. Ilipochimbuliwa na kupimwa ilionekana kuwa ni ya zama zile za Bwana Yesu. Urefu wake ni mita 8 na kidogo, upana mita 2 na kidogo. Hicho ndicho chombo alichokizoea mtu kama Petro. Ni kweli kwamba ziwa lenyewe si kubwa, kilomita 21 kwa urefu, na 13 pale penye upana mkubwa. Mtu wa Uvira au wa Kalemie, aliyezaliwa kando ya maji yenye urefu wa kilomita zipatazo 670, angeliona angeliita bwawa. Lakini kwa watu wa Kapernaumu ilikuwa bahari yao, na Petro alikuwa mtu wa bahari hiyo. Sasa mtu wa namna hiyo anaambiwa: acha wavu, acha mashua, acha wenzako. Chukua ndoana. Samaki wa kwanza atakayepanda, huyo huyo.

Wavuvi mnaosoma hapa mnajua jambo hilo lina uzito gani. Ndoana ni ya watoto na wazee.

Kuna neno jingine zaidi. Katika manabii, ndoana haina sifa njema. Amosi 4:2 inawaonya watu wa Samaria kwamba adui atawachukua kwa kulabu, na waliosalia kwa ndoana za samaki. Habakuki sura ya 1 inasema wanadamu wamefanywa kama samaki wa baharini, wasio na mtawala, na Mkaldayo anawavuta wote kwa ndoana yake, kisha anafurahi. Kwa hiyo Mwisraeli aliyekua akisomewa manabii, akisikia neno ndoana, angeweza kukumbuka uhamisho. Angekumbuka watu waliovutwa kutoka kwao, mdomo umetobolewa, wakapelekwa nchi wasiyoichagua. Sihitaji kuwaeleza ninyi mambo hayo. Kila mmoja wetu hapa anaijua siku aliyovutwa, na wengine bado kovu lipo.

Chombo kile kile ambacho manabii walikitaja kama chombo cha kuwavuta watu utumwani, Bwana Yesu anakiweka mkononi mwa Petro ili alipie deni dogo na kuishi kwa amani na watu wa mji. Sikuliona jambo hilo nilipokuwa chuo cha Biblia. Tulipita haraka kwenye sura hii kwa sababu ya Mlima wa Kugeuka Sura unaoitangulia. Nililiona hapa hapa Nakivale, kando ya bwawa, Jumamosi moja asubuhi, na ningependa niwasimulie.

Katika kanisa letu yuko baba mmoja ambaye jina lake naliacha, naye amenipa ruhusa nimwandike. Kwao ni upande wa Baraka, Fizi. Ujana wake wote aliumalizia Tanganyika. Walikuwa wanaunganisha mitumbwi, wavu katikati, taa za karabai zinawaka juu ya maji katika usiku wa giza, na ndakala wanakuja kwenye mwanga kama mvua inayonyesha kutoka chini kwenda juu. Maneno hayo ni yake, mimi sikuzaliwa ziwani. Mikebuka nao wakifuata ndakala, hapo ndipo mtu anatengeneza nyumba ya bati. Alikuwa na wafanyakazi sita. Vita vikachukua mitumbwi, vikachukua na ndugu zake wawili.

Tangu afike hapa baba huyu alikuwa mtu wa kukaa. Si mvivu, na yeyote anayemwita mvivu hamjui. Asubuhi anavaa shati safi, anakaa mbele ya nyumba, anaangalia barabara. Mama ndiye analima, mama ndiye anakwenda kufua kwa watu. Ukimshauri afanye kazi ndogo ndogo alikuwa anajibu neno moja tu: “Mchungaji, mimi nilikuwa mtu wa nyavu.” Faili lake la kwenda ng'ambo lilikuwa limefika mbali. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, na familia nyingi zilizokuwa zimekwisha kupangiwa safari zikabaki na mifuko imefungwa. Mwaka huo huo WFP ilikosa fedha ikakatia watu milioni moja msaada wa chakula hapa Uganda. Mnakumbuka miezi ile.

Sasa, upande wa mabondeni kuna bwawa lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Mwenye eneo ni mzee mwenyeji. Zamani mtu fulani alitia humo ngege wachache, wakazaana. Vijana wetu walikuwa wanakwenda kuiba samaki usiku kwa chandarua cha mbu, na mzee amekwisha kulalamika kwa mwenyekiti wa kijiji mara mbili. Nikaenda kwake mchana, nikamwomba ruhusa. Akanijibu kwa Kiswahili chake kigumu: njooni, lakini chandarua hapana, ndoana tu, na katika kila samaki wanne mmoja ni wangu. Nikarudi kwa baba yule nikamwomba anifundishe kuvua, maana mimi sijui. Hilo hakuweza kulikataa. Mtu anaweza kukataa kusaidiwa, lakini akiombwa elimu yake anainuka.

Tulikwenda watatu: yeye, mimi, na mwanawe wa miaka 12 aliyezaliwa hapa hapa kambini. Vifaa vyetu vingekuchekesha. Mianzi mitatu myembamba, mirefu kidogo kuliko mtu. Mshipi mwembamba sana, unakaribia kutoonekana. Ndoana ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Boya la kipande cha kandambili kuukuu. Chambo ni nyungunyungu kutoka chini ya migomba, na tonge la ugali. Mimi nilikuwa nimenunua mshipi mnene na ndoana kubwa nikidhani ndiyo imara. Baba aliviangalia, akavirudisha kwenye mfuko bila kusema lolote. Baadaye akanieleza: samaki mdogo akigusa kitu kizito anakitema. Uzito anausikia kabla ya kuionja nyama. Ukitaka aje, kifaa chako kiwe chepesi kiasi kwamba hajui kama upo.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tumekwisha kutupa. Baridi, ukungu juu ya maji, hakuna kitu. Saa moja, hakuna kitu. Mtoto akaanza kuchoka. Baba akasema ngege ni kama mzee, anangojea jua. Na kweli, ilipokaribia saa mbili na nusu, jua likapiga upande wetu wa maji, kipande cha kandambili kikatikisika, kikasimama, kikazama. Mtoto akavuta kwa nguvu zake zote, mshipi ukarudi mtupu ukamzunguka shingoni. Baba akacheka. Nimemfahamu mtu huyu miaka sita, sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Akaja nyuma ya mtoto, akamshika kifundo cha mkono, akamwonyesha: usivute, inua tu. Mwanzi wenyewe utajikunja, uache ujikunje, huo ndio unaofanya kazi. Akienda, mfuate. Akichoka, mlete.

Samaki wa pili hakupotea. Alikuwa mpana kama kiganja, mgongo wa kijivu, anapiga mkia kwenye majani yenye umande. Mtoto akamshika kwa mikono miwili, akamwangalia baba yake. Wapendwa, mimi nimebatiza watu wengi na nimefungisha ndoa nyingi, lakini uso ule sitausahau. Mtoto huyu alikuwa anamjua baba yake kama mtu anayekaa kwenye kiti. Siku hiyo alimwona baba yake anajua kitu.

Tuliendelea hadi saa nne kasoro. Walikuwa wanakuja mmoja baada ya mwingine, hatukuwa na muda hata wa kunywa chai tuliyoibeba. Kulikuwa na wakati ambapo mtoto alitaka kumtupia samaki mmoja aliyekuwa karibu kabisa na ukingo, kwenye maji ya kuonekana chini. Baba akamzuia. “Huyo mwache. Huyo hali. Angalia mdomo wake.” Tukainama. Kidevu chake kilikuwa kimevimba, na mbele yake kulikuwa na kama wingu la vitu vidogo mno, kila kimoja na macho mawili. Kivuli chetu kilipofika juu ya maji, wingu lote likaingia mdomoni mwake, akafunga, akazama. Ni watoto wake. Ngege jike hubeba mayai mdomoni, na watoto wakitoka wakiona hatari hurudi humo humo, na siku zote hizo mama halishi tumbo lake. Akina mama mnaosoma ukurasa huu, nadhani samaki huyo mnamfahamu.

Kule Galilaya wako samaki wa jamaa hii hii ya ngege, na watu huwaita samaki wa Petro kwa sababu ya somo letu la leo. Wako wanaosema kwamba ngege hukula vijimea vidogo vya majini wala hashikwi kirahisi kwa ndoana, kwa hiyo yule wa shekeli huenda alikuwa samaki wa aina nyingine. Mathayo hakutaja aina. Wa kwetu walikula nyungunyungu.

Tulipata samaki 24. Sita tukampelekea mzee. Aliwahesabu mara mbili, mara ya pili akigeuza kila mmoja, kisha akasema Jumamosi nyingine tunaweza kuja. Kumi na wanane tukagawana.

Sasa turudi Kapernaumu, maana hapo kwa mzee ndipo somo lenyewe lilipo. Kodi iliyodaiwa ilikuwa ya hekalu, nusu shekeli kwa kila mwanamume, ambayo mizizi yake ni Kutoka 30. Wakusanyaji wanamuuliza Petro kama mwalimu wake hulipa. Petro anajibu haraka kwamba hulipa, kama kawaida yake, kujibu kwanza. Anapoingia nyumbani Bwana anamtangulia kwa swali: wafalme wa dunia huchukua ushuru kwa nani, kwa wana wao au kwa wageni? Petro anasema kwa wageni.

Neno hilo tunalijua. Mgeni ndiye anayetoa kitambulisho. Mgeni ndiye anayeulizwa ametoka wapi, amekaa muda gani, anaondoka lini. Hapa Uganda tumshukuru Mungu, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na tumepewa ardhi tunayolima. Watu walianza kupokelewa Nakivale tangu miaka ya mwisho ya 1950, wakati wengi wetu baba zetu walikuwa watoto. Hata hivyo mgeni ni mgeni, na anajua.

Bwana anasema basi wana wako huru. Angalieni, hakusema Mwana. Amesema wana. Petro mvuvi, ambaye dunia ingemhesabu katika walipaji, amehesabiwa katika nyumba ya Baba. Kisha, baada ya kumwambia yu huru, anamwambia akalipe, ili wasiwakwaze watu wale. Mtu aliye mtumwa analipa kwa hofu. Mtu asiyejua yeye ni nani anakataa kulipa ili aonekane mkubwa. Mwana analipa kwa sababu hapungukiwi na kitu. Wale vijana waliokwenda na chandarua usiku walikuwa wanasema, “Na sisi ni watu, kwa nini tuombe?” Nawaelewa. Lakini kila ndoo ya samaki waliyoiba ilitupokonya neno mbele ya wenyeji, na ng'ombe wanapoingia kwenye mihogo yetu hatukuwa na mdomo wa kusema. Samaki sita wa mzee yule vimetufungulia mdomo. Wiki iliyofuata ng'ombe wake waliingia kwa mama mmoja wa Rubondo, na alikuja mwenyewe, bila kuitwa, kuangalia hasara.

Na ile sarafu ilitosha watu wawili. Bwana angeweza kulipa ya kwake peke yake. Aliagiza itolewe kwa ajili yake na Petro pamoja, sarafu moja, jina la Mwana wa Mungu na la mvuvi katika risiti moja.

Kuna wahubiri wanaolichukua somo hili na kuwaambia watu kwamba samaki wako yupo, fedha iko mdomoni, panda mbegu madhabahuni ukamvue. Wamepita hata hapa kwetu na mahema yao. Ndugu zangu, isomeni tena. Sarafu ile ililipa kodi ya watu wawili, ikaisha. Haikumjengea Petro nyumba. Haikumwondoa Kapernaumu. Kesho yake alihitaji kula kama kawaida. Ilitosha deni la siku ile, na Bwana hakuona haya kumpa kitu cha kutosha siku moja.

Simwambii mtu aache kungojea. Aliye na faili alifuatilie, aliye na simu aiweke na chaji. Wanaotaka kurudi nyumbani amani ikija, nami ni mmoja wao. Wavu una siku yake. Petro yule yule wa ndoana ndiye baadaye aliyevuta wale 153. Ninachokisema ni juu ya saa hizi za katikati, ambazo kwa wengine wetu zimekuwa miaka 10, kwa wengine 20, na watoto wanakua ndani yake wakituangalia. Mtoto wa miaka 12 hawezi kusubiri mpaka nyavu za baba zirudi ndipo amjue baba yake.

Jambo moja hunifurahisha katika somo hili kila nikilisoma. Mathayo hasimulii kwamba Petro alikwenda. Agizo linatolewa, na sura inaishia hapo. Hatuambiwi alikaa muda gani juu ya jiwe, kama wenzake walipita wakamcheka, kama chambo kililiwa mara ngapi bure. Mathayo, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mtoza ushuru na angependa kuhesabu, ameacha.

Baba yetu yule bado anavaa shati safi na bado anangojea simu. Jumamosi hayupo kwenye kiti. Amekubali kufundisha watoto na yeyote atakaye, akina mama pia, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale bwawani. Ndoana ndogo ziko kwangu, nimepata 20, naomba zirudishwe. Kila mtu aje na mwanzi wake na chambo chake. Chandarua hakiruhusiwi, samaki mwenye kidevu kilichovimba hatupiwi, na wa mzee anatolewa kwanza kabla ya kugawana.